Kiti Nilichokiacha na Sakafu Niliyoiharibu

Siku nyingi za ujana wangu zimenitoka kichwani, mwanangu, lakini kuna asubuhi moja ambayo haijanitoka na sitaki initoke. Nilikuwa nimesimama langoni mwa shule yetu kule Shinyalu, kiboko mkononi, viatu vinang'aa, nikiwasubiri watoto waliochelewa. Keti vizuri nikusimulie. Hiyo barua ya kukuomba urudi kuongoza shule iweke hapo mezani kwanza, haitaruka. Na chai yako inapoa.

Mimi nilifanywa hedimasta, ndivyo tulivyomwita mwalimu mkuu siku hizo, nikiwa kijana bado, mwaka ule ule wa Uhuru. Lo, kichwa kilinivimba! Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na suti moja na maneno mengi. Shule yenyewe ilikuwa ya udongo, kuta udongo, sakafu udongo. Kila Ijumaa mchana akina mama walikuja kwa zamu na ndoo za mavi ya ng'ombe yaliyokorogwa na maji, wakazipaka sakafu zote kwa mikono yao mpaka zikawa laini na vumbi likatulia. Aliyewaongoza aliitwa Muhonja, bibi mfupi mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Sote tulimwita Kukhu, ndiyo nyanya kwa lugha ya kwetu.

Ijumaa ya pili ya uongozi wangu nikamsimamisha Kukhu mlangoni. Nikamwambia shule ya nchi huru haiwezi kunuka zizi. Saruji inakuja, nikasema, nendeni nyumbani mkapumzike. Akanitazama, akaitazama ndoo yake.

"Hiyo saruji iko wapi, mwalimu?"

"Iko njiani."

"Basi tupake mpaka ifike."

Nikakataa. Nilikuwa nimeshasema mbele ya walimu wenzangu, na niliamini hedimasta akishasema, amesema. Wakabeba ndoo zao wakaenda.

Saruji haikuja, mwanangu. Kilichokuja ni kiangazi. Sakafu zikapasuka, vumbi likajaa, na ndani ya vumbi lile funza wakazaana. Wewe umekulia kwenye viatu, huenda hujui jinsi funza anavyoingia kidoleni na kutaga mayai humo, mpaka mtoto anatembelea visigino. Watoto wakaanza kuchelewa. Sikuuliza kwa nini. Nilichukua kiboko nikaenda kusimama langoni.

Ndiyo asubuhi hiyo ninayoisema. Wa mwisho kabisa kufika alikuwa Ayuma wa darasa la tatu, mjukuu wa kike wa Kukhu. Nikamchapa miguuni mara tatu. Hakulia. Alikaa chini tu, akaushika mguu wake, na hapo ndipo nilipouona. Vidole vimevimba, kucha mbili hazipo. Nikamuuliza funza hao wote kawatoa wapi. Akanijibu kwa utulivu, kana kwamba nimemuuliza hesabu, "Darasani, mwalimu. Kwetu nyumbani tunapakanga."

Nilitamani ardhi inimeze. Siku ile obusuma, ndio ugali wetu, haukupita kooni, wala kesho yake. Nikawaomba akina mama warudi na ndoo zao, kisha nikamwandikia afisa wa elimu barua: nashuka, nipeni darasa la kwanza nifundishe. Watu walicheka. Mke wangu hakucheka, alininunia mwezi mzima.

Na darasa la kwanza nililipenda, sitakudanganya. Miaka mitatu nilikaa na wale wadogo. Nilijifunza kutazama miguu yao kabla ya kutazama madaftari, na kumtoa mtoto funza kwa pini iliyopitishwa motoni huku nikimwimbia asahau maumivu. Nilijifunza kuuliza kwa nini umechelewa, kisha nikae kimya nisikie jibu. Chuoni hawakunifundisha hayo. Naamini hata wewe, tangu uache ukuu ukashuke darasani, umeyaona mambo ambayo kutoka ofisini hukuyaona.

Miaka ile wazungu walikuwa wakiondoka maofisini, na serikali ilimtaka kila aliyeshika kalamu vizuri. Hedimasta aliyenifuata akachukuliwa kwenda Nairobi. Aliyekuja baada yake hakumaliza hata muhula mmoja. Afisa wa elimu akatuma habari kwamba tusipopata mkuu kabla ya shule kufunguliwa, madarasa yote kuanzia la tano yatahamishiwa shule iliyo upande wa pili wa msitu. Kwa wavulana hiyo ilikuwa safari ndefu. Kwa wasichana ulikuwa mwisho wa masomo, maana hakuna mzazi ambaye angemwachia binti yake avuke msitu ule alfajiri.

Kamati ya shule ikanijia mara mbili, nikakataa mara mbili. Nikawaambia mimi sifai, nilishapimwa nikaonekana sifai, niacheni na wadogo zangu. Wakanisifu, eti mwalimu huyu ana unyenyekevu. Nami nikazipenda hizo sifa, usinicheke.

Ndipo Kukhu Muhonja akaingia darasani kwangu, watoto wakiandika. "Mulembe, mwalimu," akasalimia, akaketi kwenye benchi la watoto, magoti yakamkaribia kidevu.

"Ayuma sasa yuko darasa la sita," akasema. "Ulimchapa kwa kiburi, mimi nikanyamaza, kwa sababu ulituita turudi. Sasa unataka kumtoa shule kwa aibu yako?"

Nikaanza kujieleza. Akanikata. "Wewe unajifichanga hapa. Hawa wadogo hawajui ulichofanya, ndiyo maana unastareheka nao. Toka nje ukutane na wanaojua."

Akainuka, akajipangusa sketi, akaenda zake. Nilikasirika, haki ya Mungu nilikasirika! Mzee wa kike kunisema mbele ya watoto wa darasa la kwanza! Nilikasirika mpaka jioni, na jioni nikakubali kwamba hakuna neno hata moja alilokosea.

Kesho yake nikapanda baiskeli mpaka Kakamega mjini. Afisa hakuwepo. Nikarudi siku iliyofuata, nikakalishwa nje mpaka ofisi ikafungwa. Siku ya tatu mvua ilininyea njia nzima, nikaingia mbele yake natiririka maji.

"Si wewe uliyeandika ukaomba ushushwe?" akaniuliza.

"Ni mimi. Hii hapa ni barua ya pili."

"Na tukikurudisha utaandika ya tatu?"

"Siandiki tena, bwana. Na ukinikatalia leo nitakuja kesho. Baiskeli ninayo."

Akanitazama nilivyolowa, akacheka, akaichukua ile barua. Shule ilipofunguliwa nilikuwa hedimasta, na madarasa ya juu yakabaki.

Ijumaa ya kwanza nilikunja suruali, nikaingia darasa la tatu pamoja na akina mama, nikapiga magoti, nikatumbukiza mikono ndooni. Kwetu kupaka sakafu ni kazi ya wanawake. Mwanamume akionekana anapaka, atachekwa mpaka sokoni, na mimi nilichekwa. Walimu wenzangu walichungulia dirishani wakidhani nimerukwa na akili. Nikaendelea kupaka.

Ayuma akaingia na mtungi wa maji, msichana mrefu sasa, anatembea vizuri. Nikamwambia mbele ya wote, mikono yangu ikiwa imejaa mavi ya ng'ombe, "Ayuma, nilikuchapa kwa kosa langu mimi. Nisamehe." Akautua mtungi, akaikagua sakafu niliyoipaka. Kisha akanyoosha kidole nyuma yangu.

"Mwalimu, umeiruka kona ile."

Kukhu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Nami nikatambaa hadi kwenye ile kona, nikaipaka, machozi yakinitoka na hakuna aliyeyaona. Ayuma alimaliza darasa la saba pale pale. Mimi niliongoza shule ile mpaka nywele zikawa nyeupe, na kila asubuhi kipindi cha kwanza kilinikuta na wadogo wa darasa la kwanza.

Sasa wewe. Hujaniambia ulikosea nini ulipokuwa mkuu, na sikuulizi. Ulishuka darasani ili ujifunze, ni vyema, na umejifunza. Lakini usifanye darasa kuwa maficho yako. Usisubiri mpaka ujione safi ndipo urudi, kwa sababu wakati unasubiri, kuna mtoto wa darasa la sita anayefungiwa mlango. Ukirudi, usianzie kwenye kiti. Waanzie wale uliowaumiza, uwaambie kwa kinywa chako, mchana, watu wakisikia. Na kazi ya mikono ya watu uliyoikuta, usiifukuze kabla hujashika mkononi kilicho bora kuliko hiyo.

Mungu akutangulie langoni, mwanangu. Akupe moyo mgumu wa kurudi na moyo laini wa kuulizwa. Awaweke hai na wakali wale wanaojua ulipokosea, wakuonyeshe kona uliyoiruka, nawe akujalie magoti ya kuifikia.