Glovu ya Mkono wa Kulia

Sikuwa na homa siku ile. Sikuwa nimesinzia, sikuwa nimekunywa chochote zaidi ya chai ya maziwa, na jua lilikuwa utosini. Nayasema haya mapema kwa sababu nawajua watu. Ukianza kuwasimulia jambo kama hili wanakukata kauli, wanakuuliza ulikula nini jana. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo. Bibi yangu kule Voi alitukataza kupita makaburini saa sita mchana, nami nikimcheka. Sasa simcheki tena.

Huu ni mwaka wangu wa tano Doha. Nafanya kazi katika shule moja ya wageni huko Al Rayyan, natunza ukumbi wa maonyesho: napanga viti, nafua mapazia, nafuta vumbi lisiloisha. Ni kazi nzuri, sikufichi. Mwaka jana mwalimu wa muziki, Mwingereza tunayemwita Madam Judith, alianza kuandaa onyesho la nyimbo za zamani za kwao, za wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Alinieleza kwamba enzi hizo London kulikuwa na maonyesho ya jukwaani, nyimbo na vichekesho na wasichana wa kucheza, na waimbaji wake walipendwa hata picha zao zikauzwa madukani. Aliniomba nije Ijumaa nimsaidie kupiga pasi mavazi na kushona yaliyofumuka. Nikakubali.

Lakini kabla sijafika huko, kuna jambo langu ambalo lazima nilitaje, ingawa linaniuma.

Nina sauti nzuri. Si kujisifu, hata wanaonichukia wanakubali. Mwaka wangu wa pili hapa nilisimama ufukweni, majumba marefu yakimetameta nyuma yangu, nikavaa miwani ya kuazima na kurekodi video. Kibwagizo chake kilikuwa hiki:

*Dada, funga begi, Doha inangoja,*
*Machozi ya mama tutayafuta pamoja.*

Basi, ikasambaa kama moto wa nyasi kavu. Wakala mmoja kwetu, anayepeleka wasichana kazi za nyumbani, akaichukua akawa anaichezesha kila kijiji, na kwa kila msichana aliyesafiri nilitumiwa pesa kidogo ya shukrani. Je, nilidanganya? Sikudanganya. Nilinyamaza tu. Niliimba taa, sikuimba mlango uliofungwa. Mimi nilikuwa shuleni, Ijumaa yangu ya mapumziko ninayo. Wao walikuwa wanaingia majumbani mwa watu, na huko ni bahati yako. Kuna waliopata nyumba za heri. Kuna msichana mmoja wa Mariakani, Mwanaisha, aliyenipigia simu akinong'ona, "Dada, huku si vile uliimba." Nikamwambia avumilie, mvumilivu hula mbivu. Nilipompigia wiki iliyofuata, namba yake haikupatikana. Haijapatikana tena.

Na mdogo wangu wa tumbo moja, Wakesho, alikuwa apande ndege Jumapili, siku mbili baada ya Ijumaa hiyo. Alikuwa amepata kazi katika nyumba ya shambani huko Umm Salal. Habari za Mwanaisha sikuwa nimemwambia. Niliona aibu, huo ndio ukweli.

Sasa sikiliza.

Ijumaa ile adhana ilikuwa imekwisha, watu wako misikitini, barabara nyeupe na tupu. Nilikuwa peke yangu katika chumba cha mavazi nyuma ya jukwaa, pasi mkononi, naimba kile kibwagizo changu kwa sauti ya chini. Mara nikasikia sauti nyingine imeingia, inaimba sauti ya pili juu ya yangu, bila maneno. Tena ilikuwa sawasawa kabisa, kama mtu niliyefanya naye mazoezi.

Nikageuka. Mlangoni amesimama mama wa Kizungu, gauni refu la rangi ya maziwa, kofia ya manyoya, uso umepakwa poda na mashavu mekundu. Nikadhani ni mmoja wa walimu amekuja mapema kujaribu vazi lake. Nani asingedhani hivyo?

"Binti, una uzi?" aliniuliza. Alisema kwa Kiingereza, cha zamani na cha taratibu. Mimi nakupa kwa lugha yetu.

Akaninyooshea mkono wa kulia. Alivaa glovu nyeupe ndefu, na kwenye kiganja ilikuwa imelika kama soli ya kiatu cha mwanafunzi. Ya kushoto ilikuwa mpya kabisa. Nikamtania, "Madam, ulikuwa unapiga makofi kwa mkono mmoja?" Hakucheka.

Uzi niliokuwa nao karibu ulikuwa wa kijani. Akasema haidhuru. Nikamwomba aivue, akakataa, akasema nishone hivyo hivyo ikiwa mkononi. Bibi alitukataza hilo nalo, kumshonea mtu nguo ikiwa mwilini, lakini mimi si nilikuwa mjuaji? Nikashona mtindo wa msalaba, kama alivyonifundisha mama. Mkono uliokuwa ndani ya glovu ulikuwa baridi mno. Nikajiambia ni kiyoyozi.

Nilipokuwa nashona, akaanza kuzungumza bila kuulizwa. Alisema wimbo wake ulikuwa wa mwisho katika onyesho. Wimbo wa kuchekesha, wa kuwaambia vijana kwamba vita ni matembezi na wasichana watawangoja stesheni na keki. Pembeni ya jukwaa kulikuwa na meza, na askari mwenye daftari la kuandikisha jeshini. Kijana akiinuka kitini na kupanda ngazi, yeye alimpa mkono mbele ya watu wote, ukumbi ukalipuka kwa makofi, kijana akatia sahihi. Kesho yake wengine, na kesho kutwa wengine.

"Nilidhani naimba tu," alisema.

Nikamuuliza kama walirudi.

"Wanarudi kila siku. Wanapanda ngazi, wananipa mkono. Hawaniachilii."

Niamini, nywele zilinisimama. Lakini mdomo wangu haujui kunyamaza panapofaa. Nikamwambia, "Basi acha kuimba, madam."

"Niliacha zamani, binti. Wimbo ndio haukuacha."

Kisha akainama, poda yake ikaninukia, akaniuliza polepole, "Na wako, umeita wangapi?"

Nami sikuwa nimemwambia neno lolote kuhusu wimbo wangu. Sindano ikanichoma kidole, mshono wa mwisho ukaenda upande. Nikainamisha kichwa kukinyonya kile kidole, sekunde mbili, labda tatu. Nilipoinua macho chumba kilikuwa kitupu, na pasi ilikuwa imeunguza gauni la Madam Judith.

Nikatoka mbio hadi kwa Okello, mlinzi wa lango. "Aki sister, hakuna mtu amepita hapa," akaniambia. "Tangu saa nne ni wewe tu umeingia. Uko sawa kweli?" Sikuwa sawa. Nikarudi kwa njia ya ukumbini, ambako wiki ile Madam Judith alikuwa ametundika picha za zamani za waimbaji. Nilikuwa nimezipita mara nyingi bila kuzitazama. Siku hiyo nilizitazama.

Ya nne ilikuwa yeye. Kofia ile ile, gauni lile lile, amesimama jukwaani amenyoosha mkono wa kulia, kiganja kinaonekana, na mbele yake mstari wa vijana, wengine hata ndevu hawana. Na kwenye kiganja cha glovu kuna mishono ya msalaba. Wa mwisho umekwenda upande.

Picha ya miaka mia na zaidi, ndugu yangu. Mkono wangu wa kushona naujua kama ninavyoijua sauti yangu.

Madam Judith alipofika nilimuuliza ni nani huyo. Akaitoa ukutani, akaigeuza, nyuma hakuna kitu. Alisema aliinunua pamoja na nyingine kwa mchuuzi wa vitu vya kale, jina halijulikani. Na wale vijana? Nao hawajulikani. Nilifikiria kwamba vita hivyo hivyo vilifika hadi Voi. Babu wa babu yangu alichukuliwa akabebe mizigo ya jeshi, akapotelea huko. Yeye hakuimbiwa hata wimbo, alifungwa kamba.

Jioni ile nilimpigia Wakesho. Nilimwambia yote: mlango uliofungwa, minong'ono ya Mwanaisha, namba isiyopatikana, na pesa za shukrani nilizopokea.

"Si ni wewe uliimba?" akasema. "Wimbo ulikuwa wa nani? Wewe umeshakula, sasa unaficha sahani."

"Usije, Wakesho. Nakuomba. Ukinichukia, nichukie ukiwa nyumbani."

Akakata simu. Jumapili hakupanda ndege. Tangu siku ile hajazungumza nami. Nikipiga, mama huniambia, "Anakusalimu," nami najua mama ananidanganya kwa huruma. Nalia, halafu napanga viti. Afadhali hivyo kuliko namba isiyopatikana.

Video niliifuta usiku huo huo. Lakini unafuta nini wakati watu elfu wameshaihifadhi? Bado inazunguka. Ijumaa nikitoka kwenda dukani, wasichana wananitambua. "Si ni wewe wa funga begi?" wanasema, wananipa mkono. Wengine wananishukuru, wamepata waajiri wema, nawaombea heri. Wengine hawasemi kitu. Wanaushika tu mkono wangu, wanaushika zaidi ya salamu. Kila mmoja namuuliza kama anamfahamu msichana wa Mariakani aitwaye Mwanaisha. Jina lake nimelipeleka kila mahali panapopokea majina. Mpaka leo hakuna jibu.

Na jambo moja zaidi, ucheke ukitaka. Kazini navaa glovu za mpira za kusafishia. Mtunza stoo ameshaniuliza mara tatu ninazifanyia nini, maana ya kushoto narudisha mpya, ya kulia imetoboka kiganjani.

Basi nakuonya wewe uliyejaliwa sauti tamu, au ulimi mtamu, au uso unaopendeza kwenye simu. Kabla hujaimba, jiulize unamwita nani, na mlango upi utafungwa nyuma yake. Na kama wewe ndiye unayeitwa, na video yangu ikakufikia, yule dada wa miwani, majumba yanametameta nyuma yake, fanya hisani. Izime kabla sijafika kwenye kibwagizo.