Kitufe cha Nukta ya Tatu

Mashine tuliyoitumia shuleni ilikuwa na kitufe kimoja kilichokufa. Ilikuwa mashine ya kuandikia nukta nundu, maandishi tunayoyasoma kwa vidole sisi tusioona. Ina vitufe sita, kila kimoja kinatoa nundu yake kwenye karatasi nene, na kila herufi ina mpangilio wake wa nundu. Kitufe cha nukta ya tatu ukikibonyeza kilizama vizuri tu, lakini karatasi ilibaki bapa. Kwa hiyo K ilisomeka A, L ikasomeka B, M ikasomeka C. Ukiandika "mama" inatoka "caca". Ukiandika "soma" inatoka "ieca".

Mwanzoni tulicheka. Tulikuwa kidato cha pili, mimi na mwenzangu, wasichana wawili pekee tusioona katika kidato chetu, na mashine ilikuwa hiyo moja. Tukawa tunaitana "caca", mpaka darasa zima likatuita hivyo bila kujua limetoka wapi.

Kicheko kiliisha masomo yalipokuwa mengi. Dawa ya kile kitufe tuliigundua wenyewe: unamaliza ukurasa, unachomoa karatasi, unaigeuza, unailaza juu ya khanga iliyokunjwa, halafu kwa kijiti cha chuma unasukuma nundu zinazokosekana, moja moja, kwa kupapasa. Ukikosea kidogo unatoboa karatasi, unaanza upya. Ukurasa wa dakika kumi ulikula nusu saa. Mwalimu wa kitengo chetu cha wasioona, kijana mpole aliyekuja shuleni akiwa ameoa juzi tu, aliibeba mashine ile hadi kwa fundi wa vyerehani pale pale Kariakoo. Fundi akaifunga kwa waya. Ikaandika vizuri wiki mbili, waya ukakatika, ikarudi kwenye "caca" zake. Fundi akasema kifaa chake hakipo Bongo nzima.

Mimi nilikaa Gerezani, baba akifanya kazi bandarini. Mwenzangu alikaa Kariakoo kwenyewe, ghorofa ya tatu juu ya duka la vitenge la mama yake. Watu wa Kilimanjaro, waliohamia mjini kabla hajazaliwa. Jioni nilipita kwao, tukasoma pamoja huku mikokoteni ikigongana chini na wapiga debe wakishindana. Yeye alikuwa na akili kuliko mimi. Sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Hesabu nilizoeleweshwa na mwalimu nikatoka kapa, yeye alinielewesha kwa punje za maharage juu ya kitanda.

Tulipofika kidato cha tatu ulikuja msaada. Wageni kutoka nje, magari mawili, hotuba ndefu uwanjani juani. Kompyuta mpakato kumi zenye programu ya kusoma kwa sauti kila kilichomo ndani yake, na mashine mpya za nukta nundu sita. Walituketisha mimi na mwenzangu mbele kabisa. Wakanielekeza vitufe, nikaandika jina langu kwenye kompyuta, na ile sauti, sauti ya mwanamume anayekitamka Kiswahili kama ana pipi mdomoni, ikalisoma. Sijui niseme nini kuhusu dakika ile. Tangu nizaliwe nilikuwa nasomewa na watu, na watu huchoka, au wana haraka, au wanaruka mistari. Huyu wa ndani ya kompyuta hakuchoka. Nilimrudisha nyuma mara nane na mara zote nane alisoma. Pembeni yangu mwenzangu aliandika "caca" kwa makusudi, akaisikia, akacheka mpaka akakohoa.

Tulipigwa picha nyingi. Nilijua kwa ule mlio wa kamera.

Kesho yake vitu vyote viliingia stoo ya ghorofa ya chini, na ufunguo ukakaa kwa mkuu wa shule. Tulimfuata baada ya wiki moja.

"Shikamoo madam."

"Marahaba wanangu. Semeni."

"Tulikuwa tunaomba zile kompyuta."

"Subirini niweke nondo madirishani. Hapa Kariakoo vitu vinatembea."

Nondo hazikuwekwa muhula ule, wala uliofuata. Simchori mama yule kuwa shetani. Shule aliyotoka iliibiwa projekta, yeye akalala rumande siku mbili kuhojiwa kama mwizi. Aliapa kuwa kitu kingine hakitaibiwa mikononi mwake, na kweli hakikuibiwa. Hata mashine zile za nukta nundu, ambazo mwizi asingejua aziuze wapi, alizifungia humo humo. Mwalimu wa kitengo aliandika barua ya kuziomba, akaambiwa asimfundishe kazi. Hakuandika nyingine. Sisi tukaendelea na khanga na kijiti cha chuma.

Mwaka wa kidato cha nne mkuu aliniita ofisini peke yangu. Alinikalisha kwenye kiti cha wageni, akanimiminia juisi ya ukwaju.

"Wale wafadhili wanarudi wiki ijayo kukagua," alisema. "Watakuuliza wewe, maana unajieleza vizuri."

"Ndiyo madam."

"Wakikuuliza kama mnazitumia, utasemaje?"

Nikaizungusha glasi mkononi.

"Sikiliza mwanangu. Wakijua zimekaa, watazibeba wazipeleke shule nyingine. Mtakosa kabisa. Mnataka hivyo?"

"Hapana madam."

"Basi. Na mtihani wa taifa ukifika, wewe utaandikia mashine mpya. Mimi mwenyewe nitakutolea."

Nikasema asante madam. Nimeyarudia mazungumzo haya kichwani kwa miaka, nikitafuta mahali nilipouliza, "Na mwenzangu je?" Hapapo. Sikuuliza. Nilimaliza juisi, nikaweka glasi mezani, nikaaga.

Asubuhi ya ukaguzi tuliitwa kuandaa chumba. Kompyuta zilitolewa kwenye maboksi yao, zikapangwa. Mwalimu wa kitengo alisema kwa sauti ya chini, "Jamani, mzibandue nailoni." Tukapapasa. Vioo vyote bado vilikuwa na ile ngozi nyembamba ya kiwandani. Tukabandua moja baada ya nyingine, na yeye akazikusanya mfukoni. Nilisikia kucha za mwenzangu zikikwangua pembe za vioo.

Mgeni aliyeongea nami alikuwa mwanamke, na mtu wa kumtafsiria. Alinishika bega.

"Anauliza mnazitumia mara ngapi kwa wiki."

"Kila siku," nikasema.

Yule mama akatoa sauti ya furaha kama mtu aliyepewa mtoto kumpakata. Chini ya meza mguu wa mwenzangu ulikuwa umegusana na wangu, kama kawaida yetu, ili kila mmoja ajue mwenzake yupo. Akauondoa.

Tukitoka siku ile alinishika kiwiko, maana kona ya karibu na soko aliijua kuliko mimi, lakini alinishika kama anavyoshikwa mtu usiyemfahamu.

"Kila siku?" akaniuliza.

"Sasa shosti ningesemaje? Wangezichukua."

"Wangechukua nini? Sisi tuna nini cha kuchukuliwa?"

Sikumwambia habari ya juisi wala ahadi ya mashine mpya.

Mtihani ulifika. Asubuhi ya karatasi ya kwanza tuliwekwa kwenye chumba chetu peke yetu na msimamizi kutoka shule nyingine. Mkuu alikuja mwenyewe, akaniwekea mashine mezani. Niliigusa. Ilikuwa baridi, inanuka mafuta mapya, vitufe vyake laini kama kucha za mtoto. Mwenzangu akasikia.

"Madam, na mimi naomba mpya," alisema.

"Wewe una yenu ile, umeizoea."

"Ile kitufe kimekufa, madam. Stoo zimo nyingine tano."

"Hizo nazitunza. Wafadhili wakirudi wakute vitu vizima. Mtihani unaanza, tulia."

Pale ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Ningeweza kusema, madam, mpe na yeye, la sivyo nitawaandikia wale watu ukweli. Nilikuwa na silaha hiyo, na mkuu alijua ninayo, ndiyo maana mashine ilikuwa mbele yangu. Lakini niliogopa nitanyang'anywa. Nikaingiza karatasi yangu na kuiviringisha mpaka ikakaa.

Kwa saa zote zile nilimsikia. Mashine yangu ililia sawasawa, kila kitufe na mlio wake, kengele mwisho wa mstari. Ya kwake ililia, halafu ikanyamaza. Karatasi ikachomolewa. Ikageuzwa. Khanga ikakunjwa. Kisha kijiti, tk, tk, tk, tk. Alikuwa anarudisha nukta ya tatu neno kwa neno. Sisi huongezewa muda kwenye mtihani, na ule muda wa nyongeza wote aliula kwa kijiti. Msimamizi aliposema wekeni chini, mimi nilikuwa nimemaliza na kupitia majibu mara mbili. Yeye alisema, "Mwalimu, kurasa mbili bado hazijarekebishwa." Msimamizi, ambaye nadhani hakuelewa anaambiwa nini, akamjibu, "Kusanya kama zilivyo."

Ilikuwa hivyo karatasi baada ya karatasi, siku baada ya siku. Wiki ya pili mvua kubwa ilinyesha, Jangwani pakajaa maji, msimamizi akachelewa kufika kwa sababu alitokea Magomeni. Nikaomba Mungu mtihani uahirishwe, nikijidanganya kuwa namwombea mwenzangu. Haukuahirishwa.

Matokeo yalitoka mimi nikiwa kwao, tumekaa kitandani. Mama yake ndiye aliyetusomea kutoka kwenye simu. Yangu yalikuwa mazuri. Alinipongeza kwanza, akanikumbatia. Halafu akasoma ya mwanawe, akaiweka simu kitandani. Sifuri haikuwa mbali. Hata Kiswahili, yeye aliyekuwa akinisahihishia insha zangu zote, alikuwa ameanguka. Hakuna aliyetuambia makosa yalikuwa wapi. Mimi nilijua kwamba mahali fulani kuna mtu alikaa na kurasa zake akisoma "aibice" palipokuwa na "kilimo", akaona huyu mtoto hajui kuandika.

Mama alikwenda shuleni siku iliyofuata. Aliporudi alisimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Wamesema hukujiandaa," akamwambia mwanawe.

Mwenzangu hakujitetea. Nilikuwepo, umbali wa mkono. Nilichofanya ni kuomba maji ya kunywa.

Nikaenda kidato cha tano mkoani, kisha chuo. Chuoni nilipata kompyuta inayosoma, nikajifunza kuisikiliza kwa kasi ambayo watu wenye macho hudhani ni kelele. Leo nafanya kazi ofisini Upanga, na nikiulizwa nimefikaje hapa, watu hutaka niwaambie habari za juhudi. Zile za stoo nilikuja kuzisikia kwa mwalimu wa kitengo tulipokutana hospitalini. Stoo iliingia maji masika yaliyofuata. Betri za kompyuta zilivimba ndani ya maboksi. Mkuu alihamishwa, ufunguo ukapotea, mlango ukavunjwa, na vyote vikaandikwa kuwa ni chakavu.

"Zile kompyuta zilitumika mara ngapi kwa jumla?" nilimuuliza.

"Mara mbili," alisema. "Zote mbili ulikuwepo."

Mwaka jana nilimfuata mwenzangu dukani. Nilichukua bajaji, nikashuka mwanzo wa mtaa, nikauliza njia mpaka nikafika. Mama yake alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Umenenepa! Kaa hapo."

Mwenzangu ndiye anayeendesha duka sasa. Anavijua vitenge kwa kuvisugua kati ya vidole viwili, na wateja wa jumla kutoka mikoani wanamwamini kuliko mwenye macho. Ana simu inayomsomea kila kitu, ya kawaida tu, aliyoinunua mtaa wa pili. Aliishusha sauti nilipokaa karibu naye.

"Tungekuwa na hii enzi zile," nikasema kijinga.

"Enzi zile vitu vilikuwepo," alinijibu. "Vilikuwa stoo."

Nikamwambia yote. Juisi, ahadi, na kwamba nilinyamaza mara tatu. Alisikiliza huku akikunja kitambaa. Nikamaliza kwa kumwomba anisamehe.

"Unajua," alisema, "madam sijawahi kumkasirikia. Madam hakunijua. Kwake nilikuwa mtoto asiyeona, basi. Wewe ulinijua."

"Najua."

"Nilikusubiri useme. Siku ya kwanza, nikasema atasema kesho. Kila asubuhi naingia kile chumba nasema leo atasema. Mpaka karatasi ya mwisho nilikuwa nasubiri."

Nilianza kulia. Hakunibembeleza.

"Na leo umekuja ili iweje?" akauliza. "Upate usingizi?"

Kweli, ndilo lililonileta. Akaingia mteja anayetaka doti hamsini za kupeleka Songea, mwenzangu akasimama, akaenda kumhudumia kwa sauti ya uchangamfu ambayo sikuwa nimeisikia tangu tuko kitandani na punje za maharage. Mama yake akaniletea soda. Nilikaa karibu saa nzima. Mteja mmoja akitoka, mwingine anaingia, na baada ya muda nikaelewa kuwa hatarudi kukaa pale nilipo. Nikaaga. Mama ndiye aliyenisindikiza hadi kwenye bajaji, akinishika kiwiko, akinieleza bei ya vitenge ilivyopanda.

Huwa namtumia ujumbe. Idi, Krismasi, siku ya kuzaliwa kwake. Simu huniambia umesomwa. Hajajibu hata mmoja.