Mlinzi wa Kampuni Iliyohama

Pale benki ya damu walimwita Mama Damu, ingawa sindano hakuwahi kuishika na akiona mfuko umejaa hugeuza uso. Kazi yake ilikuwa kwenye meza ya pembeni, kati ya jokofu kubwa lililonguruma kutwa na dirisha lisilofunguka. Hapo ndipo alipoiandika, enzi za usichana wake, programu iliyojua kila mfuko: umetoka kwa nani, ni wa kundi gani, unaharibika lini, unamfaa nani. Wakurugenzi walipishana mlangoni kama wageni wa hoteli, programu ikabaki. Wanawe wawili walishaondoka nyumbani. Huyu wa tatu, alipenda kusema akiigusa kompyuta, amekataa kuoa.

Aliiandika kwa lugha ambayo siku hizi ukiitaja mbele ya vijana wa kompyuta wanakutazama kama uliyetaja ugonjwa wa zamani. Ilikuwa lugha nzuri. Iliandikika kama mtu anavyozungumza, na ukikosea ilikuonyesha kosa kwa upole. Ila ilikuwa na mwenyewe. Kampuni iliyoitengeneza haikuiruhusu ikae kwenye kompyuta mpya bila ufunguo, msururu wa herufi na tarakimu uliotumwa kwa barua pepe kwa aliyeomba. Zamani ufunguo ulifika kabla chai haijapoa. Kisha kampuni ikauzwa. Walionunua nao wakauza. Kila mnunuzi alitoa tangazo tamu kuliko la mwenzake, kwamba toleo jipya li njiani, na baada ya kila tangazo wahudumu walipungua.

Waliobaki na lugha hiyo walikuwa na baraza lao mtandaoni, watu waliotawanyika ambao hawakuwahi kuonana: mhasibu wa kiwanda cha sabuni, daktari wa meno aliyejiandikia programu ya kliniki yake, mstaafu mmoja waliyemwita Jongoo kwa jinsi alivyojibu polepole. Walilalamika humo mpaka malalamiko yakawa salamu. "Wametuacha kwenye mataa," mmoja angeandika. "Na mataa yenyewe wameyang'oa," angejibiwa. Walikuwa na desturi moja. Kila asubuhi aliyetangulia kuingia aliuliza, "Taa inawaka?" Na mtu wa kampuni aliyebaki kuwahudumia, waliyembatiza Mlinzi, alijibu, "Inawaka." Basi. Kila mtu akaenda kazini kwake moyo umetulia.

Mwaka huo kompyuta ya benki ya damu ilianza kukoroma na kuzimika yenyewe. Ikaletwa mpya, ikakaa mezani na plastiki zake, ikingoja ufunguo. Mama Damu akaomba. Kimya. Akaomba tena, akamwandikia na Mlinzi.

"Nalifuatilia, dada," Mlinzi alijibu. "Vumilia kidogo."

Mama Damu naye akamwambia bosi ufunguo utafika wiki ijayo. Wiki hiyo ilipofika, akasema wiki ijayo.

"Mama, mimi si mtaalamu," alisema bosi, kijana mpole asiyeanza kukaripia kabla ya shikamoo. "Lakini hii ikizima na mgonjwa yuko mezani anavuja damu, nimwambie naye asubiri wiki ijayo? Kuna watu wako tayari kutuwekea mfumo mwingine. Niambie tu ukweli. Ufunguo unakuja au hauji?"

"Unakuja."

"Hiyo kampuni ipo kweli?"

"Ipo. Leo asubuhi wamejibu."

Nyumbani, wifi yake, fundi cherehani aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mumewe, hakumwonea huruma. "Waliotengeneza cherehani hii walishafunga hata hujaolewa," alisema huku akikata uzi kwa meno. "Mbona inashona?"

"Cherehani yako haiombi ruhusa, wifi."

"Kumbe umeolewa na mume wa kuomba ruhusa kwa mama yake kila akibadilishiwa kitanda. Kaka yangu anajua?"

Mama Damu alicheka. Kicheko kilipokwisha, akabaki na lile swali la bosi. Akazipekua barua pepe za miaka ya nyuma mpaka akaipata namba ya simu chini ya jina la Mlinzi, akaingia chumbani, akapiga.

Sauti iliyopokea ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka. Nyuma yake vyombo vilikuwa vikioshwa.

"Dada wa benki ya damu," alisema, alipomsikia anajitambulisha. "Nilijua ipo siku utapiga."

"Samahani, nilidhani hii ni namba ya ofisi."

"Ofisi?" Vyombo vikanyamaza. "Dada, sisi walitupunguza mwaka juzi. Wote. Lile jengo sasa ni duka la samani."

Mama Damu aliketi ukingoni mwa kitanda. "Lakini kila asubuhi unajibu."

"Siku ile ya kwanza niliona mmeuliza. Nikashindwa. Nikasema kesho nitawaambia." Akakohoa. "Kesho yake mkauliza tena."

"Na ufunguo?"

"Mtambo wa funguo waliuzima siku ileile. Ningekuwa nao ningekuletea kwa miguu."

Matusi alikuwa nayo tele, yamepanga foleni ulimini. Lakini zilimjia wiki ijayo zake mwenyewe, jinsi alivyomlisha bosi moja baada ya nyingine. "Asante kwa kuniambia," alisema, akakata simu.

Jumatatu alifungua baraza kabla hajatua mkoba. Daktari wa meno alishauliza, na jibu lilikuwa palepale: "Inawaka." Mama Damu akaandika, akafuta, akaandika tena, akatuma: kampuni haipo, anayejibu ni mtu mwema asiye na mamlaka yoyote, kila mwenye kumbukumbu zake azihamishe leo. Jongoo alijibu wa kwanza, safari hii kwa mbio: "Nani amekutuma utuvunje moyo?" Wa pili alimwita msaliti. Wa tatu aliuliza kuhusu printa.

Akaenda kwa bosi. "Hauji," alisema akiwa bado amesimama.

Bosi hakumsuta. Alimvutia kiti. "Pole, mama. Basi hao watu wa mfumo mwingine wanataka kumbukumbu zote zitolewe humo, ziwe maandishi matupu. Wanasema lugha yenyewe hawaijui. Kuna anayeijua?"

"Nipo mimi."

Alirudi mezani akaandika programu fupi kuliko zote alizowahi kuandika kwa lugha ile: ishike kila mchangiaji, kila mfuko, imwage yote nje mstari kwa mstari. Alizoea kukosea mara ya kwanza na kurekebishwa. Safari hii hakukosea popote, na hapakuwa na wa kumwambia. Majina yakaanza kuteremka kwenye kioo, mengine ya watu waliokwisha kuzikwa, damu yao ikitembea bado katika miili ya wengine.

Mtaalamu wa maabara alipita na trei yake, akachungulia. "Leo inakimbia, Mama Damu. Imepona?"

"Inahama," alisema, asibandue macho. Kompyuta ya zamani ilikuwa imeanza kule kukoroma kwake kabla ya kuzimika, na majina yalikuwa bado hayajafika nusu.