Ukuta wa Mama Nilesh Ulipoanza Kulia

Ukuta ulikuwa unalia.

Sifumbi fumbo hapa. Nasema maji yalikuwa yanatoka ukutani, tone moja moja, yanashuka taratibu hadi sakafuni, kwenye nyumba ya ghorofa moja mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Na ukiyaonja yana chumvi.

Nimeyaonja mwenyewe. Kwa kidole changu hiki.

Hakuna bomba upande ule. Hakuna choo, hakuna tangi juu. Watu wakasema jini. Kaka mmoja anayeuza mabegi pale nje akaapa kwamba ikifika adhuhuri anasikia ukuta unavuta kamasi. Wapangaji wawili wakahama ndani ya wiki moja, mmoja akaacha hadi godoro.

Mimi naitwa Siti. Injinia wa majengo, mtoto wa Ilala. Habari za ukuta wenye jini siziamini.

Ila kwa kilichonikuta pale, wallahi, bora lingekuwa jini.

Iko hivi. Majirani walilalamika, manispaa ikataka ripoti ya kitaalamu, kazi ikaangukia ofisini kwetu. Bosi wangu, Injinia Wilbert, akaniita.

"Nenda na nyundo, upime. Ikisoma chini, andika jengo hatarishi, libomolewe. Fasta."

Hiyo nyundo ni kifaa cha kupimia ugumu wa zege. Unaigonga ukutani, inakupa namba.

Na mimi kwa Wilbert sikuwa na sauti. Ukimaliza chuo unafanya mafunzo kazini miaka mitatu, una kitabu chako, na kila kazi unayofanya inaandikwa humo. Bosi asiposaini, husajiliwi na bodi ya mainjinia. Husajiliwi, wewe si injinia, wewe ni mtu mwenye kofia ya plastiki. Kwangu ilikuwa imebaki miezi minne.

Nikaenda.

Mwenye nyumba anaitwa Harshida, mama wa Kihindu, mjane, ila mtaa mzima unamwita Mama Nilesh kwa jina la mwanawe mkubwa. Chini anauza uzi, zipu na vifungo kwa mafundi cherehani. Juu analala, na vyumba vingine anapangisha. Nyumba ilijengwa na babu wa marehemu mumewe, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, enzi ambazo saruji ilikuwa bidhaa ya kuulizia. Juu ya mlango kuna mwaka, 1936, na chini yake jina limechorwa kwa ncha ya mwiko: Abdulmalik, fundi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye umekuja kuua nyumba yangu?"

"Nimekuja kupima tu, mama."

"Hata sanda inapimwa," akasema, akaendelea kuhesabu vifungo.

Nikagonga nyundo. Ikasoma chini sana. Lazima isome chini! Ni nyundo ya zege, na ule si ukuta wa zege. Hata mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua hilo. Kwa hiyo Wilbert naye alijua.

Nikarudi ofisini nikiwa na maswali. Nikapita kwenye meza ya mchoraji wetu, nikaona ramani imetandazwa. Ghorofa kumi. Maduka chini, stoo juu. Nikasoma namba ya kiwanja.

Kiwanja cha Mama Nilesh.

Yaani ripoti ya nyumba ya mtu haijaandikwa, yeye bado yuko ndani anauza vifungo, na sisi tumeshamchorea tajiri mwingine ghorofa juu ya kichwa chake! Manispaa ikiamuru kubomoa, mjane atajenga kwa hela gani? Atauza kiwanja kwa bei ya kutupa, basi. Mchongo mzima ulikuwa unasubiri ripoti yangu.

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Kesho yake nikamchukua mjomba wangu, Haruna, fundi wa chokaa wa zamani. Mzee mkorofi, hapendi mainjinia, mimi mwenyewe ananivumilia kwa sababu ya marehemu bibi. Tukazunguka nyuma ya nyumba. Hakutoa kifaa chochote. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akanuna.

"Patasi."

Nikampa. Akachokonoa kidogo. Kipande cha saruji kigumu kikadondoka, kinene kama kitumbua. Nyuma yake chokaa imelowa chapachapa.

"Nani kafanya huu uchafu?"

"Kwani tatizo nini, mjomba?"

"Wewe si umesoma? Ukuta wa chokaa unavuta maji ya chini na kuyatoa nje, kila siku. Ndivyo unavyopumua. Sasa huyu hayawani kaufunika saruji nyuma nzima, kama kumvalisha mtu koti la mvua alale nalo. Maji yatokee wapi? Yanarudi ndani. Na hapa Kariakoo maji ya chini yana chumvi. Hilo ndilo jini lenu."

"Nyumba ni nzima?"

"Nzima kuliko ofisi yenu. Bandua saruji, piga chokaa, acha ikauke. Ila ikikaa hivi mvua mbili zaidi, kweli itaanguka."

Mama Nilesh alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni. Akasema mwaka juzi rangi ya ndani ilibanduka kidogo, mwanawe Nilesh, anayeishi Mwanza, akatafuta mkandarasi kwa simu.

"Wakaja na karatasi ya injinia. Siku tatu, nyuma yote saruji. Injinia mwenyewe hakukanyaga hapa hata siku moja."

"Hakuja kuuona ukuta?"

"Nakwambia hata kivuli chake sikukiona."

Mjomba akanyoosha kidole juu ya mlango. "Sisi tulikuwa tunaandika jina kwenye chokaa mbichi. Kazi ikiharibika, unajua wa kumfuata. Nyinyi mnaandika kwenye karatasi, halafu mnaifungia kabatini."

Hapo ndipo nilipochafukwa.

Watu walishajaa. Wapagazi, wauza mabegi, mafundi cherehani na tepu zao shingoni. Mimi nikapandisha sauti utadhani nagombea udiwani.

"Huyu si injinia, huyu ni muuaji! Unaiandikia nyumba dawa hujaiona hata kwa macho? Mjane analala kwenye maji miaka miwili kwa sababu ya uvivu wako! Anyang'anywe cheti! Aletwe hapa, abandue saruji yake kwa kucha, mbele ya Mama Nilesh!"

Watu wakapiga makofi. Yule kaka wa mabegi alikuwa anarekodi.

Mpaka jioni klipu imetazamwa na watu laki mbili. "Injinia wa kike amchana injinia mwenzake laivu Kariakoo." Mama yangu akanitumia, na mioyo mingi. Na mimi, niseme tu ukweli, nilijiona mtu.

Asubuhi nikaingia kwa Wilbert bila kubisha hodi.

"Bosi, nyumba ni nzima. Jengo hatarishi siandiki. Na ramani ya ghorofa kumi nimeiona."

Nilitegemea afoke. Wala. Alikuwa anaangalia klipu yangu kwenye simu, anatabasamu.

"Umetisha, Siti. Hasa pale pa kucha."

Akainuka, akafungua kabati, akatoa faili, akatoa karatasi moja akaiweka mezani. Ilikuwa mchoro wa ukarabati. Ukuta wa nyuma, plasta ya saruji, unene, mchanganyiko, kila kitu.

"Mkandarasi wa Nilesh alinunua mchoro hapa hapa kwetu. Soma kona ya chini, kulia."

Nikasoma.

*Imechorwa na: Siti H.*

Nikakaa bila kuambiwa.

Ilikuwa wiki yangu ya pili kazini. Wilbert alinipa namba ya kiwanja na picha mbili, akasema toa maelekezo ya plasta kabla ya chakula cha mchana. Sikuuliza ni wapi. Sikuuliza ukuta ni wa nini. Nilifungua faili la madarasa ya shule fulani, matofali ya saruji tupu, nikanakili neno kwa neno, nikabadilisha namba ya kiwanja, nikaandika jina langu kwa mwandiko mzuri, nikaenda kula wali maharage.

Kumbe muuaji ni mimi.

"Sasa," Wilbert akasema, mpole kama daktari. "Andika jengo hatarishi. Linabomolewa, hii inarudi kabatini, kitabu chako nasaini leo leo. Ukiandika tatizo ni saruji, watauliza saruji ya nani. Na watu laki mbili wamekusikia. Ifikirie."

Akaniachia ile karatasi mezani, akaenda kunywa chai. Alikuwa na uhakika na mimi kiasi hicho! Mpaka leo hicho ndicho kinachoniuma kuliko vyote. Na yeye si ndiye aliyeupitisha mchoro ule na kuupiga muhuri? Mshenzi mkubwa.

Nilijifungia chooni dakika arobaini. Sitawadanganya, niliwaza kukubali. Nilijipa sababu nzuri kabisa. Mama Nilesh ni mzee, atahamia Mwanza kwa mwanawe, atapumzika. Nilifika mpaka hapo. Halafu nikakumbuka alivyosema hata kivuli hakukiona. Kumbe alikuwa anakisema kivuli changu, na mimi nimesimama mbele yake namuuliza "hakuja kuuona ukuta?"

Nikatoka, nikaikunja karatasi, nikaitia kwenye pochi.

Alhamisi saa nne afisa wa manispaa alifika Narung'ombe. Wilbert akaja na tai. Mtaa ukajaa tena, walitaka kuona injinia wao wa klipu. Afisa akaniomba ripoti.

Nikamtafuta kwa macho yule kaka wa mabegi. "Rekodi," nikamwambia.

Nikasoma ripoti. Nyumba ni nzima, tatizo ni saruji, suluhisho ni kuibandua. Kisha nikakunjua ule mchoro, nikausoma hadi kona ya chini, kulia. Nikataja jina langu. Nikasema sikuja, sikuona, nilinakili. Nikasema pia nani aliupiga muhuri, na nani ana ramani ya ghorofa kumi juu ya kiwanja hiki.

Mtu huko nyuma akaangua kicheko. "He! Kumbe alikuwa anajitukana mwenyewe!"

Wakacheka wote. Acha wacheke.

Wilbert alinipita akaninong'oneza, "Umejimaliza, binti." Akaingia kwenye gari.

Nilimgeukia Mama Nilesh. Nilikuwa nalia, natafuta maneno. "Mama, nisamehe..."

Aliingia dukani. Nikasikia droo inafunguliwa, inafungwa. Akatoka na nyundo ya seremala na patasi kuukuu, akanipa mkononi.

"Ulisema kwa kucha," akasema. "Mimi nina huruma. Shika patasi."

Afisa akatoa miezi mitatu ya matengenezo. Nilibandua ule ukuta siku kumi na moja, juani, malengelenge viganjani, wapagazi wakipita wananiita "muuaji, mambo?" Mjomba Haruna amekaa kwenye ndoo anakunywa kahawa, ananionyesha nilipobakiza. Mama Nilesh alikuwa ananiletea chai ya tangawizi kila saa kumi. Anaiweka chini, anarudi dukani.

Kazi kwa Wilbert iliisha siku ile ile. Kitabu hakukisaini. Nimeandika barua bodi, na ule mchoro nimeuambatanisha, jina langu na muhuri wake. Mpaka sasa sijajibiwa. Klipu ya pili, ile ya kukiri, imetazamwa na watu mia tatu na kumi na wawili.

Siku tuliyomaliza kupiga chokaa, mjomba alinipa mwiko.

"Andika jina."

"Mjomba, niache."

"Andika! Ukuta ukilia tena tujue wa kumfuata."

Nikaandika. Mama Nilesh akasogea, akavaa miwani, akasoma polepole. "Na mwaka," akasema. Nikaandika na mwaka.

Masika ya mwaka huu yamepita. Ukuta haujalia.

Wadogo zangu mnaosomea uinjinia, nawaambia kwa hasira kwa sababu nawapenda. Nyumba ya mtu haiandikiwi dawa kwa picha mbili. Nenda, gusa ukuta, muulize anayelala ndani. Na kabla hujamtukana mtu mbele ya simu, fungua kwanza kabati la ofisini kwenu, usome kona ya chini, kulia.

Jina langu liko Narung'ombe, nyuma ya duka la vifungo. Mnajua pa kunipata.