Plizi ya Bosi

Mtu mzima na akili zake anaogopaje neno la adabu? Ukiuliza hivyo, basi hujafanya kazi kwa Bosi Mvuke, mwenye duka la dobi. Yule bwana, salamu yake ni kufoka. "Wewe, maji! Wewe, sabuni!" Wafanyakazi walishamzoea; akifoka wanakonyezana, kazi inaendelea. Plizi aliiweka akiba. Aliitoa kwa mteja aliyepotezewa nguo, kwa mkewe kwenye simu, na kwa mfanyakazi anayefukuzwa. Unaambiwa, "Plizi, pita ofisini," kisha, "Plizi, kaa," kisha unatoka na aproni mkononi. Mfua mashuka aliondoka hivyo hivyo, na dereva naye.

Asubuhi hiyo Bosi akaja taratibu hadi kwenye meza ya Mama Pacha, mpiga pasi wake wa siku nyingi, akamwekea shati jeupe.

"Mama Pacha, plizi, ninyooshee hili. Ukimaliza uje nalo ofisini."

Akaondoka. Mwenzake Mama Pacha wa meza ya pili alikuwa amesikia kila kitu.

"Umefanya nini tena, dada?"

"Sijui, shoga yangu. Wallahi sijui."

Akashika pasi, lakini roho haikuwa pale. Alimuona mumewe, asiyejiweza tangu aanguke kazini, akigeuzwa kitandani. Aliwaona pacha wake na sare zao za shule. Wote watatu walikula kwa mkono huu ulioshika pasi. Atawaambia nini jioni? Aanzie wapi kutafuta kazi, na magoti haya? Alijaribu kukumbuka kosa, akakosa, na kule kukosa kukamzidishia hofu.

Harufu ndiyo iliyomshtua. Aliponyanyua pasi, alama ya kahawia ilikuwa imekaa katikati ya kifua cha shati, upana wa kiganja. Miaka yote hiyo hajawahi kuunguza hata leso.

Alilikunja alama ikae ndani, akaenda ofisini. Bosi alikuwa amesimama, anatabasamu kwa aibu kama bwana harusi.

"Mama Pacha, kesho namwoza binti yangu. Hilo ndilo shati langu. Kwenye pasi simwamini mtu mwingine, ila kuomba ndiyo sijui. Nataka na wewe uje, na mzee, na watoto. Hebu nilione."

Mama Pacha alilikumbatia shati.

"Plizi, bosi," akasema.

Bosi akalichukua, akalikunjua. Mama Pacha alisubiri afoke, alimwomba Mungu bosi wake afoke. Bosi hakufoka. Aliitazama ile alama, akaenda kufunga mlango.

"Plizi, Mama Pacha," akasema kwa upole. "Kaa."