Pipa Namba 17

Wakuu, msije mkasema hii chai. Nikifumba macho naiona ile saba.

Pipa namba 17 nililiandika kwa mkono wangu, kwa rangi nyekundu, kwenye ghala bovu la kijiji cha Kitaya. Wiki tano baadaye nililikuta jikoni kwangu, Chuno, Mtwara mjini. Limejaa maji.

Nianzie mwanzo.

Naitwa Elisha. Mwaka jana nilipata kibarua cha kukagua taka za sumu kwenye vijiji vya kando ya Ruvuma. Ukikuta pipa lenye dawa za mikorosho zilizopita muda, unaliandika namba, unapiga picha, unajaza kiwango cha hatari kwenye fomu. Gari la kuyabeba mapipa lingefuata.

Kitaya nilipokelewa na mzee Hashimu, mkulima wa korosho na mshika funguo wa ghala. Ndani, mapipa ishirini na mawili ya bluu.

"Afisa, hizo namba za nini?"

"Za ukaguzi, mzee."

"Yana shida?"

Ilikuwa saa nane mchana, jua la kufa mtu, na njaa inauma. Nikamjibu, "Yatakuja kubebwa."

Hilo ndilo jibu nililompa. Rangi ilibaki nusu kopo, ningeweza kuandika SUMU kila pipa na ikabaki. Fomu ilidai namba tu. Mlango una kufuli, nikajaza "hatari ndogo", tukaenda kula.

Gari halikwenda.

Mwezi wa kumi nikawa Newala kikazi. Chuno maji yalikuwa yanatoka mara moja kwa wiki. Mke wangu, Upendo, alikuwa na mimba ya miezi sita, akaniambia kwenye simu kwamba amepata pipa zuri sokoni. Nikasema safi.

Niliporudi nilimkuta jirani yetu, Veronika, kakaa barazani kwetu na funguo za nyumba.

"Shemeji, Upendo yuko hospitali tangu juzi. Simu yako haikupatikana." Akanipa zile funguo. "Mtoto hakukaa."

Nikasema asante. Sijui kwa nini nilisema asante.

Nikaingia jikoni nichote maji ya kunawa. Ndipo nikaliona.

Sikupiga kelele wala sikulia. Nilikaa sakafuni nikaiangalia ile namba mpaka Veronika akaja kuniuliza kama nimekula.

Nikampigia mzee Hashimu.

"Gari lenu hatukuliona, afisa. Wakaja wanunuzi wa mapipa. Yenye namba yalikwenda siku ileile, watu wanasema haya yamekaguliwa. Yale mawili uliyoyasahau nyuma ya mlango hakuna aliyeyataka. Yapo."

"Na dawa ya ndani?"

"Tulimwaga mtoni. Kule maji mengi. Halafu tukayaosha kwa sabuni, vizuri kabisa."

Alikuwa anasubiri nimsifu. Nilimwambia ile ni sumu, asiruhusu mtu kuyagusa yale mawili. Akaniuliza:

"Sasa mbona siku ile hukusema?"

Nikakata simu.

Hospitali daktari hakusema ni pipa. Hakusema pia si pipa. Alisema mambo haya yana sababu nyingi, akaandika kitu kwenye fomu yake.

Upendo alikuwa kalala, kaelekea kwangu. Nikamuuliza pole pole kwa nini alichagua pipa lile.

"Yalikuwepo mengi, baba. Nikaona ile saba yenye kistari katikati. Nani mwingine Mtwara hii anaandika saba hivyo? Nikasema hili mume wangu kashalipima, sitaki jingine." Akanitazama. "Si ulilipima?"

"Niliandika namba tu."

Akageukia ukutani. Mpaka leo hajaniuliza tena, na mimi sijalia. Nakula, nalala, naamka, naenda kazini. Nimekufa ganzi mwili mzima.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Kitaya na lile kopo la rangi. Nyuma ya mlango nikayaandika yale mawili SUMU, kila upande, herufi kubwa. Mzee Hashimu alinishikia kopo. Ilichukua dakika nne.

Wakuu mnaofanya kazi za kujaza fomu, mtu akikuuliza kama kuna shida, na shida unaijua, mwambie papo hapo. Mimi niliona njaa inanizidi, nikamwambia yatakuja kubebwa.