Nilivyoifuata maktaba yetu ya sayansi hadi kibanda cha bajia, Malindi

Wakuu, salamu kutoka Mambrui. Haya yamenipata mwenyewe, miaka ya themanini, na sijatia chumvi, ingawa chumvi imo.

Nilikuwa na digrii ya zuolojia, nikaajiriwa katika maktaba ya kituo kimoja cha utafiti wa bahari, pwani ya Kilifi. Wenzangu walinicheka. Umesoma wadudu miaka yote hiyo, Rukia, kisha ukapange vitabu?

Mimi nilijua ninachofanya. Mtafiti akija, namuuliza mawili matatu, kisha namwekea mezani anachohitaji kabla hajavuta kiti.

Bosi wangu, Maalim Shee, alikuwa mkutubi haswa. Kila kadi mahali pake. Ila sayansi hakuisoma.

Basi rafu zikajaa. Makao makuu wakaagiza chochote kilichozidi miaka ishirini kiondolewe, na Maalim akaanza kuchambua kwa kutazama mwaka tu.

Nikamweleza kwa adabu kwamba vijitabu vinavyoeleza viumbe havizeeki. Wa kwanza kumpa mnyama jina ndiye anayefuatwa, hata kama aliandika kabla babu zetu hawajaoa.

Akanijibu kwamba mimi mjuzi wa wadudu, yeye mjuzi wa maktaba, na agizo ni agizo. Niliumia sana.

Sikukuu ya Idi ikafika, nikaenda nyumbani. Kurudi, maboksi ya vitabu vilivyoondolewa hayapo. Dereva wa kituo ameyagawa Malindi kwa wauza bajia, maana siku hizo karatasi ya kufungia ilitafutwa kweli. (Nyinyi wa mifuko hamtaelewa.)

Wiki hiyo hiyo akaja Kahindi, mwanafunzi wa uzamili, mzaliwa wa Gongoni. Alikuwa amepata kidudu kwenye mabwawa ya chumvi ya kwao, na tasnifu yake yote ilisimama juu ya dai moja: hiki ni kiumbe kipya, hakina jina. Mtahini anakuja Jumatatu. Alitaka nimhakikishie tu kwamba hakuna maandishi ya zamani.

Nikautazama mchoro wake. Ule mkia niliujua.

"Kahindi, huyu ana jina. Nimemwona kwenye kijitabu cha zamani."

"Kiko wapi, dada?"

"Kimekwenda kufungia bajia."

Akavuta kiti, akakaa. Akishikilia dai lake na mtahini anamjua yule mdudu, kazi yote imekwisha. Akiliacha, hana ushahidi ila neno langu. Na mimi nilikuwa na hakika, lakini hakika yangu haiwekwi mezani.

Jumamosi asubuhi nikapanda basi hadi Malindi. Kibanda cha kwanza hola, cha pili hola. Cha tatu ni cha Bi Zainabu. Nikampa shikamoo yake, nikamweleza ninachotafuta. Akacheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Chenye mdudu? Nilikiweka kando, mwanangu. Watu wamekataa kula bajia juu ya mdudu."

Jalada na kurasa mbili za mwanzo zilikuwa zimekwenda. Mchoro na maelezo yote vipo.

Kahindi alilinganisha kwa hadubini siku nzima, unywele kwa unywele. Ni yule yule. Alikasirika, hata na mimi, kwa sababu alishapanga kumpa jina la mama yake. Kisha akakaa akaandika upya: mnyama anajulikana, lakini katika pwani yetu hakuna aliyewahi kumwandika.

Jumatatu, swali la kwanza la mtahini lilikuwa kama amepitia maelezo ya zamani. Kahindi akaweka kijitabu mezani, kinanukia bajia. Alipita.

Maalim hakuniomba radhi. Alinikabidhi orodha ya vitabu vilivyobaki kuondolewa, akasema tangu siku hiyo kitabu cha sayansi hakitoki bila sahihi yangu. Nilifurahi kuliko kama ningeombwa radhi mara kumi.

Funzo langu, wakuu: maktaba ya utafiti inamhitaji anayejua kitabu kinakaa wapi, na pia anayejua ndani kuna nini. Mmoja akikosekana, mnagawa elimu kwa wauza bajia.

Kama nawe umewahi kuona kitu cha maana kikitupwa kwa sababu ya umri wake, mwaga hapa chini tusome.

NB: Kadi ya kijitabu kile aliiandika Maalim kwa mkono wake mwenyewe. Pale pa hali ya kitabu aliweka: "Hakina jalada. Kimeokolewa na mdudu wake."